Jioni na mama ikiharibika

Pole sana ndugu. Umesema ulimtoa mama jioni, mhudumu akawasahau, muziki ukawa wa kupasua masikio, naye akanyamaza njia nzima. Sasa unauliza utarekebisha vipi. Kwanza acha kumwomba radhi kila dakika tano. Mimi nilifanya hivyo, mama akaishia kunibembeleza mimi!

Siku hiyo mimi na mama yangu, onyesho tuliloliendea liliahirishwa tukiwa tumeshafika mlangoni, na yeye kavaa viatu vipya vinavyombana. Nikamwambia, "Mama, vua hivyo viatu." Tukakaa garini, kanyoosha miguu juu ya dashibodi, akaanza kunisimulia siku ya kwanza alipotoka na baba, mvua ikawanyeshea mpaka msuko wote ukafumuka. Sikuwahi kuisikia hadithi ile.

Halafu, ukimya wa mama yako si lazima uwe hasira. Watu wa umri wao wengi hupata tabu kusikia maneno penye kelele, wakachoka, wakanyamaza. Siku nyingine mkiona mambo yanakwenda mrama ondokeni mapema, hata kama mmeshalipia. Kesho mpigie, muulize kipi kilimkera zaidi. Akianza kumwiga yule mhudumu, basi, chekeni.