Anzeni ufukweni: kwa mnaoanza kuchunguza uokoaji wa raia kwa nyambizi

Wengi wanaoingia katika somo hili la uokoaji wa raia kwa nyambizi katika Pasifiki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hukimbilia nyambizi: jina lake, nahodha wake, mizinga yake. Anzeni na ufukwe. Nyambizi ilikaa pwani saa chache tu. Waliowaficha raia, wakawalisha na kuwateremsha kutoka milimani walihangaika kwa miezi, na ripoti za jeshi la majini haziwataji kwa majina. Hilo linatuuma, ndiyo maana tunalitanguliza.

Chukueni Bougainville, kisiwa cha Pasifiki karibu na Guinea Mpya kilichotekwa na Wajapani mwaka 1942. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1943, nyambizi ya Marekani Nautilus ilichukua watu wazima 26 na watoto 3 pale Teop, masista wakiwemo. Mwishoni mwa Machi, Gato ilikwenda hapohapo ikachukua watoto 27, akina mama 9 na masista 3. Walioomba msaada ni walinzi wa pwani wa Australia, yaani wapelelezi waliojificha kisiwani wakitazama nyendo za adui, Jack Read akiwa mmoja wao, kwa redio ya mawimbi mafupi. Ukihesabu betri, injini ya kuchaji na petroli, redio ile ilihitaji wapagazi zaidi ya kumi. Wenyeji wasingekubali kubeba, ujumbe usingetoka na nyambizi isingekuja. Kwa hiyo mkisoma “ujumbe ulipokelewa”, ulizeni mara moja: nani alibeba?

Baada ya hapo tafuteni umri wa mwezi, kabla hata ya kufungua ripoti, kwani nyambizi ilihitaji giza ili isionekane. Nautilus ilifika siku kama sita kabla ya mwezi kuandama, na Angler, iliyochukua raia 58 kisiwani Panay, Ufilipino, tarehe 20 Machi 1944, siku kama nne kabla. Gato ilifika mwezi ukiwa nusu, ule unaochomoza karibu na usiku wa manane. Zote tatu zilipata giza sehemu ya kwanza ya usiku. Crevalle ni tofauti: ilikwenda kisiwa cha Negros, Ufilipino, tarehe 11 Mei 1944, siku tatu tu baada ya mwezi mpevu. Mkikuta tofauti kama hiyo msiipite. Tafuteni kilicholazimisha safari.

Kwa Crevalle, jibu moja ni mzigo. Ndege ya Fukudome, mnadhimu mkuu wa kundi kuu la meli za kivita za Japani, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Cebu, Ufilipino, na mpango wao wa vita ukaangukia mikononi mwa wapiganaji wa msituni. Nyaraka hizo zilisafiri pamoja na raia hadi Australia. Njiani Crevalle ilipigwa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, wanawake na watoto wakiwa ndani.

Chombo chenyewe kina hesabu zake. Aina ya Gato ina urefu wa mita 95 na mabaharia 60 hadi 80, hivyo wageni 58 karibu wanaongeza watu maradufu. Ikizama, hewa haibadilishwi, na kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo hewa ya ukaa inavyojaa upesi. Betri huisukuma kwa saa 48 hivi, lakini kwa mwendo wa maili 2 za baharini kwa saa tu. Nyambizi ikikimbia kwa nguvu zote, betri huisha kwa muda mfupi sana. Choo nacho kina valvu kadhaa za kufungua kwa utaratibu, na mgeni akikosea uchafu humrudia.

Msidharau vyombo vidogo. Bangka, mtumbwi wa Ufilipino, ina matengo pande mbili kama ngalawa zetu. Yanaisaidia kutulia kwenye mawimbi, lakini yanazuia kubana ubavuni mwa nyambizi. Mtoto au mgonjwa hapo huvushwa kwa mikono.

Idadi zitawasumbua. Kwa Crevalle mtakuta 40 kwingine, 41 kwingine. Andikeni zote mbili, pamoja na chanzo cha kila moja, msichague inayopendeza. Tarehe nazo: saa nane usiku wa 1 Januari huko Bougainville, kwa saa ya Greenwich bado ni 31 Desemba. Na mkitafsiri kumbukumbu za meli, 0300 ni saa tisa usiku, si saa tatu. Kosa hili limeshawapeleka wasomaji mchana kweupe katika tukio la gizani.