Gemu Yangu Ilijikwaa Kila Baada ya Sekunde 48

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, gemu yangu imekamilika, imebaki muziki tu. Niweke MP3 ama WAV?" Hizo ni aina mbili za faili za sauti, ya kwanza imebanwa, ya pili haijabanwa. Lakini hilo neno "tu" ndilo lililoniponza mimi mwaka jana, na sitaki limponze mtu mwingine.

Gemu yangu ni ya mvuvi. Anatoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, alfajiri kwa mtumbwi, anapenya katikati ya magugu maji yaliyofunga ghuba, anatafuta omena na ngege, kisha anapaswa kurudi kabla upepo haujageuka. Niliijenga miezi tisa, usiku baada ya kazi, stima ikipotea naendelea na chaji iliyobaki kwenye laptopu. Kwa muziki sikutaka ngoma za kuokota kwenye intaneti. Nilimfuata mzee mmoja huko Seme, jathum (mpiga ala) wa siku nyingi, akanipigia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, chini ya mwembe. Nyuzi nane, na mguuni oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba, ikigonga ubao wa ala: ta, ta, ta. Nilirekodi, nikakata kipande cha sekunde 48 kitakachojirudia, nikakihifadhi kama MP3. Rekodi yenyewe nikaifuta ili kupata nafasi kwenye diski.

Ikafika siku ya maonyesho hapa Kisumu. Jaji alivaa hedifoni, akacheza kama dakika nne, akazivua. "Michoro ni mizuri," akasema, "lakini muziki wako unajikwaa." Waliosimama nyuma yake wakacheka. Nikajitetea kwamba kompyuta yao ilikuwa nzito. Usiku ule nyumbani Nyalenda nilizima taa, nikavaa hedifoni zangu, nikasikiliza. Ta, ta, ta, kisha pengo jembamba, kisha ta. Pengo lenyewe ni dogo mno, lakini oduong'o ndiyo inayoshika mwendo wa nyatiti. Mguu wa msikilizaji huifuata bila yeye kujua, na ikichelewa kidogo tu, mguu unashtuka. Yule jaji alikuwa sahihi. Kicheko cha wale wengine bado kinaniuma.

Sababu ni hii. MP3 huikata sauti katika vipande vya sampuli 1,152; sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti. Kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila kipande ni kama sekunde 0.026. Wimbo wako hauishii pale kipande kinapoishia, kwa hiyo nafasi iliyobaki hujazwa kimya. Mwanzoni nako programu inayobana sauti huongeza kimya chake. Ukiusikiliza wimbo mara moja ukaendelea na shughuli zako, hutagundua lolote. Ukiuzungusha, kimya cha mwisho kinaungana na kimya cha mwanzo, na hapo ndipo mvuvi wangu alipojikwaa. Ziko programu zinazoandika ndani ya faili ni kimya kiasi gani cha kukatwa, lakini ni lazima injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, iweze kusoma maandishi hayo. Niliyokuwa nikitumia haikuyasoma.

Kwa hasira nikageuza kila kitu kuwa WAV. Lile pengo likaja nalo, kwa sababu kugeuza MP3 kuwa WAV ni kumwaga uji kwenye sufuria kubwa zaidi; uji ni ule ule. Sauti iliyotupwa wakati wa kubana hairudi, na kimya kilichoongezwa hakiondoki. Tena WAV ya stereo ya kawaida hula zaidi ya MB 10 kwa kila dakika. Nyimbo zangu zote zilikuwa dakika 18, zikafika MB 190. Nikamtumia binamu yangu wa Kakamega kiungo apakue. Jibu lake: "Bando yangu ya siku nzima haifiki hiyo." Gemu ambayo binamu yako hawezi kuipakua, nani mwingine ataipakua?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nakuru, muziki unaozunguka uweke kwenye Ogg Vorbis, aina nyingine ya faili ya sauti iliyobanwa. Faili ya Ogg huandika sampuli ya mwisho ya kweli ni ipi, kwa hiyo injini inajua pa kurukia bila kumeza kimya. Godot, mojawapo ya injini za gemu, inaifungua moja kwa moja. Nyimbo zangu zile zile za MB 190, kwa kilobiti 112 hivi kwa sekunde, sasa ni kama MB 15. Utasikia watu wakisema waliikimbia MP3 kwa sababu ya malipo ya hataza. Hayo yaliisha 2017. Mimi niliikimbia kwa sababu ya mshono.

WAV iachie sauti fupi: kasia kugonga mtumbwi, samaki kurusha maji. Hizo zinatakiwa kulia pale pale kidole kinapogusa skrini, na nusu sekunde ya mono haifiki hata KB 50. Na ukiambiwa utumie MIDI, hiyo ni maagizo ya noti tu, haina sauti ndani yake, na kwenye orodha ya ala zake za kawaida hutaikuta nyatiti.

Lakini Ogg isingeniokoa bila rekodi ya kwanza, na hiyo nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu. Nilirudi Seme na sukari kilo mbili na majani chai, nikamweleza mzee. Akaniangalia kwa muda. "Nyathina (mwanangu), ulichukua ukatupa?" Sikuwa na jibu. Akavaa oduong'o yake, akaketi, akapiga tena.

Safari hii nilimwomba aurudie mzunguko mara mbili bila kusimama, kisha nikakata ule wa pili. Uzi wa nyatiti ukiguswa huendelea kulia kidogo. Ukichukua mzunguko wa kwanza, mwanzo wake hauna ule mwangwi wa nyuzi za mwisho, na sikio linaona aibu hata kama faili haina pengo. Mzunguko wa pili tayari umebeba mwangwi wa uliotangulia. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ukishachagua kipande, bonyeza Z, mipaka ya kipande itasogea hadi pale wimbi linapovuka sifuri, na ule mlio wa "tik" kwenye kiungio utatoweka.

Vijana wenzangu, tunatumia wiki nzima kupaka rangi maji ya ziwa, kisha muziki tunaupa jioni moja. Mchezaji anaweza kuondoa macho kwenye skrini. Masikio hayana kope. Heshimuni sauti, na zaidi ya hapo mheshimuni aliyewapigia. Rekodi ya kwanza haifutwi, hata diski ijae vipi. Futa filamu, futa picha za harusi ya jirani.

Ya mzee iko WAV kwenye diski mbili, moja kwangu na nyingine kwa binamu yule wa Kakamega, ambaye gemu ameipakua na tayari ananilalamikia kwamba upepo unageuka mapema mno. Na wewe wa Nakuru, ukishakata wimbo wako, uache uzunguke nusu saa ukiwa unapika, usiuangalie. Kisha niandikie mguu wako ulifanya nini.