Swali la lugha: “Unyumbufu wa plastiki katika kidokezo cha ufa”

Msomaji anayefasiri maandishi ya uhandisi ameniletea sentensi inayomsumbua: “Ni lazima tuhesabu kwa ajili ya unyumbufu wa plastiki katika kidokezo cha ufa.” Inakusudia kusema kwamba hesabu zijumuishe chuma kinavyogeuka umbo bila kurudi, pale ufa unapokomea. Anauliza kama unyumbufu ndilo neno linalofaa hapo, na kama silo, tuseme nini.

Silo, na kosa hilo si dogo, kwa sababu linageuza maana kuwa kinyume chake. Lakini nianze na kidokezo, ambacho hakihitaji maneno mengi. Kidokezo ni habari au shauri dogo mtu analodokezwa. Ufa hauna kidokezo, una ncha: pale unapokomea ndani ya chuma, penye wembamba kuliko kwingine kote. “Mwisho wa ufa” hautoshi, maana ufa una miisho zaidi ya mmoja. Upande wa pili, unapofungukia nje, ni mdomo wa ufa. Ncha na mdomo yashike yote mawili, utayahitaji, kwa sababu wahandisi hupima kufunguka kwa ufa kwenye mdomo ili wakadirie kufunguka kwake kwenye ncha.

Sasa unyumbufu. Katika mazungumzo ya kila siku, kunyumbuka ni kupindika au kuvutika bila kukatika. Fimbo mbichi hunyumbuka, mpira hunyumbuka, waya laini nao hunyumbuka. Lugha ya kawaida haiulizi kama kitu kitarudi kilivyokuwa. Elimu ya vyuma huuliza hilo kabla ya jambo jingine lolote. Ukivuta kipande cha chuma kidogo kisha ukakiachia, hurudi kwenye urefu wake wa awali. Ukikivuta kupita kikomo fulani, hurudi kidogo tu, na sehemu ya urefu ulioongezeka hubaki humo daima. Maandishi ya sayansi yamelichukua neno unyumbufu kwa hali ile ya kwanza, ya kurudi, nami naona ni uteuzi mzuri. Lakini likishachukuliwa hivyo, haliwezi tena kubeba hali ya pili. “Unyumbufu wa plastiki” unakuwa ni kurudi kwa kitu kisichorudi.

Neno plastiki nalo lina tatizo lake. Kwa msomaji wetu ni jina la mata: mifuko, mabomba, vyombo. Akikutana na “mgeuko wa plastiki” ataelewa kwamba kilichogeuka umbo ni plastiki, wala hatakuwa amekosea, kwa kuwa sarufi yetu ndivyo inavyosema. Napendekeza mgeuko wa kudumu, ukiwa mkabala na mgeuko nyumbufu. Mtu asiyejua lolote kuhusu vyuma anaelewa mara moja nini kinadumu na nini kinarudi. Ukitaka kutaja mchakato unavyoendelea, sema ugeukaji wa umbo; ukitaka kutaja tokeo lake, sema mgeuko. Viambishi vyetu vinatofautisha hayo vizuri, na ni hasara kuyachanganya. Nimelipima pia neno ufinyangikaji. Lina mantiki, ila kufinyanga kunaleta picha ya mkono unaotengeneza kitu kwa makusudi, ilhali chuma kwenye ncha ya ufa kinageuka kwa kulemewa. Ningeliweka akiba kwa ajili ya tabia ya mata, yaani uwezo wake wa kupokea umbo jipya bila kupasuka.

Tofauti hii inabeba historia nzima ya taaluma yenyewe. A. A. Griffith wa Uingereza alipochapisha nadharia yake ya kupasuka mwaka 1921, alitumia kioo, na kioo hupasuka karibu bila mgeuko wowote wa kudumu. Nishati ya kukuza ufa aliilinganisha na ile inayohitajika kuunda nyuso mpya za ufa. Kwa kioo hesabu ilikubali. Kwa vyuma haikukaribia hata kidogo, maana chuma kilihitaji nishati nyingi mno kuliko nadharia ilivyodai. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti Irwin na Orowan, kila mmoja kwa njia yake, walieleza inakokwenda nishati ile: inatumika kugeuza umbo la chuma kilicho mbele ya ncha. Mfasiri akiandika “unyumbufu” hapo, msomaji atadhani nishati imehifadhiwa na itarudishwa, kumbe imekwisha kutumika. Maelezo yote yanaporomoka kwa neno moja.

Limebaki “kuhesabu kwa ajili ya”. Kiswahili hakijengi hivyo. Anayehesabu kwa ajili ya mtu anamsaidia kuhesabu. Tuna kuzingatia na tuna kutia hesabuni, na hayafanani. Unaweza kuzingatia jambo pasipo kubadilisha tarakimu hata moja. Irwin alifanya zaidi ya hapo. Hesabu za unyumbufu mtupu zinasema mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo, hauna ukomo kwenye ncha kali, na hakuna chuma kinachoweza kuubeba. Kinachotokea ni kwamba eneo dogo mbele ya ncha linapita kikomo cha unyumbukaji, yaani mkazo ambao ukizidi chuma hakirudi tena kilivyokuwa, na kugeuka kwa kudumu, na ufa unafanya kazi kana kwamba ni mrefu kuliko unavyoonekana. Kwa hiyo alipendekeza tuuongezee urefu katika hesabu. Kwa bamba jembamba, nyongeza hiyo hupatikana kwa kugawa K, kipimo cha ukali wa mkazo, kwa kikomo cha unyumbukaji, kuchukua kipeo cha pili cha jibu, kisha kugawa kwa 2π. K ikiwa megapaskali 50 mara kipeuo cha pili cha mita, na kikomo kikiwa megapaskali 500, nyongeza ni takriban milimita 1.6, na eneo zima la mgeuko ni mara mbili ya hiyo. Ndani ya kipande kinene, ambako chuma kinabanwa pande zote, eneo hupungua hadi kiasi cha theluthi. (Chunga kipeo na kipeuo katika sentensi za namna hii: kipeo ni kuzidisha namba kwa yenyewe, kipeuo ni kuitafuta namba iliyozidishwa. Irabu moja ikidondoka, jibu zima linaharibika.)

Basi ningeiandika hivi: “Lazima mgeuko wa kudumu uliopo kwenye ncha ya ufa utiwe hesabuni.” Kama kinachofuata ni njia ya Irwin hasa, ningekuwa wazi zaidi: “Kwa sababu ya mgeuko wa kudumu kwenye ncha, urefu wa ufa unaongezwa katika hesabu.”

Angalia pia kwamba si kila aya itakubali sentensi hiyo ya pili. Mtafiti Dugdale, mwaka 1960, aliuchukulia mgeuko kuwa ukanda mwembamba unaoendeleza mstari wa ufa. Mwenzake Rice, mwaka 1968, alitoa kipimo kinachokokotolewa kwenye njia inayoizunguka ncha kwa mbali, kinachofaa hata eneo la mgeuko linapokuwa kubwa kiasi cha kufanya nyongeza ya Irwin isiaminike. Kwa Dugdale, “ukanda wa mgeuko” unafaa. Kwa Irwin, “eneo la mgeuko”. Kwa Rice usiseme kabisa kwamba urefu umeongezwa, maana haukuongezwa.

Na katika wingi ni nyufa: nyufa hizi, ncha za nyufa. “Maufa” niliyoyaona kwingine katika rasimu yako yaondoe.