Maswali ya Wasomaji: Je, Dawa ya Kuziba Rejeta Inafaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa taksi aina ya Toyota Noah kati ya Mbarara na Kabale. Tangu mwezi uliopita rejeta inapungua karibu lita moja ya maji kila siku, na nikipanda milima ya kuelekea Kabale mshale wa joto nao unapanda. Fundi amenishauri nimimine chupa ya dawa ya kuziba ili niepuke gharama ya kufungua injini. Je, nikubali?
Dereva, Ntungamo

JIBU: Ndugu dereva, nakuomba usimimine kitu chochote kabla ya kujua maji hayo yanatokea wapi. Dawa hizo hazichagui tundu: huzunguka na maji katika mfumo wote wa kupoozea, na palipo pembamba zinaweza kukwama, pawe panavuja au hapavuji. Zipo zenye chembe na nyuzi zilizosagwa, za mimea au za madini kama shaba, ambazo presha huzisukuma hadi kwenye tundu zikashikana na kuliziba. Zipo pia zinazouzwa kwa ajili ya gasketi ya silinda hedi (bamba jembamba la kuziba kati ya injini na kichwa chake, kiitwacho hedi), ambazo mara nyingi zina sodiamu silikati, inayokauka kwa joto na kuwa ngumu kama kioo. Nyingi za namna hii ya pili hazipatani na kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) yenye kemikali ya glaikoli, na maelekezo yake hutaka mfumo uoshwe na kujazwa maji matupu kwanza. Fundi anayezimimina juu ya kulanti kuukuu anaweza kukuachia tope ndani ya rejeta.

Katika njia yako jambo hili ni zito zaidi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kinacholinda injini yako ni presha, kwa maana kifuniko cha rejeta chenye alama 1.1 huyabana maji hata yakapita nyuzi 115 bila kuchemka. Mfumo unaovuja haushiki presha hiyo, na kwa sababu hiyo injini inaweza kuchemsha mlimani hata siku uliyojaza maji asubuhi. Sasa ukiongeza chembe zinazoweza kuziba mirija ya rejeta, unapunguza upoozaji pale pale injini inapouhitaji zaidi.

Mwambie fundi, injini ikiwa imepoa kabisa, afunge pampu ya kupimia presha mahali pa kifuniko, asukume hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko hicho, kisha akague. Kifuniko chenyewe kipimwe kwanza, kwa sababu ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Pampu ya maji inayodondosha kwenye kishimo chake cha chini imekwisha sili (kizibo cha kuzuia maji yasivuje), na sili ya shafti, yaani mhimili unaozunguka, haitengenezwi kwa dawa. Presha ikishuka bila tone kuonekana nje, tazama kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, na kama mapovu yanapanda ndani ya rejeta. Hizo ni dalili za gasketi, na hapo hedi ishushwe, ipimwe kama imepinda, iwekewe gasketi mpya. Najua kwamba hizo ni siku kadhaa bila mapato. Hata hivyo, hedi ya alumini inayochemshwa mara kwa mara hupinda au hupasuka, na hapo gharama inaweza kuwa ya injini nzima.

Mimi ningeikubali dawa katika hali moja tu: rejeta yenyewe inatoa unyevu mdogo, uko mbali na karakana, nawe umeazimia kuibadilisha ukifika. Lita moja kwa siku si unyevu mdogo.

SWALI: Gari nililonunua lilikuwa limewekewa dawa hiyo. Injini haichemshi, lakini hita haitoi joto, na huku kwetu asubuhi ni baridi sana. Nifanyeje?
Msomaji, Kisoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza hakikisha kwamba maji yamejaa na kwamba themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) haijakwama wazi. Vikiwa sawa, ishuku rejeta ndogo ya hita, ambayo mirija yake ni myembamba sana. Injini ikiwa imepoa, fundi afungue mipira yake miwili, aisukumie maji safi kwa presha ndogo kinyume cha mwendo wake wa kawaida hadi yatoke meupe, kisha ajaze kulanti mpya. Ikiwa bado haipitishi, ibadilishwe, na rejeta kubwa ikaguliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji hayo hayo yamepita humo.