Redio ya Vitz kutoka Japani haijaharibika

Ukiona redio ya Toyota Vitz iliyoagizwa Japani inakamata stesheni chache, usidhani imekufa: ni nzima, ila imetengenezwa kwa masafa ya Japani, ambako FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 kwa redio za miaka ya karibuni, ilhali stesheni za Afrika Mashariki zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana Vitz yako, hata kama bado inanukia upya, inanasa stesheni chache tu za mwanzoni. Tiba ya bei nafuu ni kifaa kidogo cha kushusha masafa, maarufu kama ekspanda, kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio na kupewa umeme wa volti 12. Kikishusha kwa megahezi 20, stesheni ya 98.4 utaipata kwenye 78.4, lakini zilizo chini ya 96 zitaangukia nje ya redio yako, kwa hiyo uliza kiwango cha kushusha kabla ya kulipa. Kama umekwisha kupanga kufunga skrini ya Android badala ya redio hiyo, pamoja na kamera ya nyuma, usiisumbukie ekspanda, kwa kuwa skrini nyingi za aina hiyo hukuruhusu kuchagua eneo la masafa kwenye mipangilio. Fundi asichomoe betri ovyo: baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga na kudai namba ya siri.