Nimemaliza dozi tatu, kadi bado inaonyesha nina wadudu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 36 na vidonda vya tumbo tangu mwaka juzi. Nimepimwa damu mara nne kwa ile kadi ya kutoboa kidole, na kila mara mistari miwili inatokea. Dozi za wadudu wa tumbo nimemaliza tatu. Njaa ikinibana, chembe ya moyo inawaka moto. Mama mkwe kaniambia niache maharage, nimeacha. Je, wadudu wangu ni sugu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kula maharage yako, hayana kesi.

Kadi hiyo haimtafuti mdudu. Inatafuta kingamwili, askari walioandaliwa na mwili wako siku alipoingia. Yeye akifa, wao hubaki kwenye damu miezi, hata miaka. Yaani hata kama ulipona kwa dozi ya kwanza, mistari miwili ingetokea tu. Dozi ya pili na ya tatu huenda zilipigana na kivuli.

Omba kipimo cha choo kinachomsaka bakteria mwenyewe, au cha pumzi kama hospitali yako inacho. Ziwe zimepita angalau wiki 4 tangu umalize antibiotiki, na omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, uiache wiki 2 kabla, maana humfifisha mdudu na majibu yakadanganya. Ukizidiwa katikati, dawa ya maji ya kutuliza asidi haina shida.

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba vidonda ni mawazo na asidi. Kumbe huko Perth, Australia, mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren walishamwotesha mdudu huyu, bakteria aitwaye Helicobacter pylori, tena kwa bahati: sikukuu ya Pasaka ilifanya visahani vya maabara visahaulike siku kadhaa zaidi ya kawaida. Watu hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache akawa anatapika, na kamera iliyoingizwa tumboni ikaonyesha tumbo limevimba ndani. Nobeli waliipata 2005.

Sasa, hukuniandikia neno kuhusu mgongo, na fundi cherehani asiyeumwa mgongo mimi simjui. Niliwahi kumpa mzee mmoja dozi mbili za wadudu bure, hadi siku alipoinama, vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vikadondoka kutoka mfuko wa shati. Hivyo peke yake vinatosha kuchimba kidonda, hata mdudu asipokuwepo. Sikuwa nimemuuliza.

Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami (nawe humezi vidonge vya damu), ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au tumbo likikuchoma ghafla kama kisu na kukakamaa kama ubao, usisubiri kipimo chochote; nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Ukikonda bila sababu, omba kamera.

Majibu ya choo yakitoka niandikie, na jina la kidonge cha mgongo ulitaje.