Kupima mlango wa kizazi kunaonyesha klamidia?

Dada, umeuliza kama kuambiwa "uko safi" kwenye kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kunamaanisha huna klamidia. Hapana. Nesi alipokupaka siki kwa pamba na kusubiri kidogo, alikuwa anatafuta mabaka meupe, dalili ya chembe za mlango wa kizazi zinazoanza kubadilika. Hata Pap smear, kile kipimo cha kukwangua kidogo mlango wa kizazi, huangalia chembe hizo hizo.

Klamidia ni bakteria wa kuambukizana kwa ngono na ina kipimo chake cha vinasaba: unatoa mkojo, ule unaotangulia kutoka, au pamba ya ukeni ambayo unaweza kujipitishia mwenyewe. Si kila zahanati inacho, ulizia hospitali kubwa. Kitaje kwa jina: kipimo cha klamidia. Ukisema "nipimeni vyote" utapimwa wanachotaka wao.

Usingoje uchafu wala maumivu. Wanawake wengi hawasikii chochote, huku mirija ya uzazi ikiweza kuharibika taratibu. Ukikutwa nayo, daktari kwa kawaida huandika doxycycline ya siku 7. Kama una mimba sema mapema, utapewa azithromycin. Shemeji naye atibiwe, hata akinuna, na msikutane kimwili kwa siku 7 tangu nyote muanze dawa. Urudie kipimo baada ya miezi 3.